Begi la kurekodia sauti: Litikise kabla hujalilipia

HEBU nikuulize. Umejichanga miezi sita, umenunua rekoda ya maana, maiki nzuri na hedifoni za kuziba masikio. Sasa vyote hivyo unavitia wapi? Usiniambie kwenye begi la laptopu ulilopewa bure kwenye semina. Mimi nilianza na hilo hilo, na lilinitia aibu ambayo hadi leo ikinijia usiku nageuza mto.

Ilikuwa Kibokoni, huku Mji wa Kale. Rafiki yangu aliniomba nimrekodi nyanya yake. Bi huyo ujanani mwake aliimba vugo harusini, zile nyimbo za wanawake zinazopigiwa pembe, na alizijua nyingi ambazo hata binti zake hawakuzishika. “Keti mwanangu, mimi naimba hivi hivi nilivyokaa,” akaniambia. Nikaketi mkekani, begi mapajani, maiki mkononi, waya wake umepita katikati ya zipu. Hedifoni nilizivua. Niliona si adabu kuziba masikio mbele ya mtu mzima anayezungumza na wewe.

Aliimba karibu dakika 40, akisita kukumbuka, akijicheka mwenyewe. Nilipofika nyumbani na kusikiliza, nikasikia kwaruu, kwaruu. Kila nilipopumua, nailoni ya begi ilisugua buibui langu. Kila nilipojisogeza, zipu iliubana waya na sauti ikakatika. Nikaokoa dakika 11. Nikajiambia basi, nitarudi wiki ijayo. Wiki ijayo ikawa mwezi, na Ramadhani haikumkuta Bi. Rafiki yangu hakunilaumu hata kidogo, ambalo ni baya zaidi.

Kwa hivyo ninapokwambia uchague begi kwa makini, sizungumzii mtindo.

Jambo la kwanza ambalo wengi wetu hatulijui: begi la sauti si la kubebea tu. Ni meza yako ya kazi. Mpiga picha hutoa kamera begini akaanza kazi. Wewe rekoda yako inabaki ndani wakati wote, begi limening’inia tumboni, juu kuko wazi, unaona skrini na kufikia vitufe bila kuchutama. Hili si jambo jipya. Stefan Kudelski, Mpolandi aliyeishi Uswisi, alipotoa rekoda yake ya Nagra mwaka wa 1951 (jina lenyewe kwa Kipolandi maana yake ni “itarekodi”), watu wa redio na filamu waliivaa begani ikiwa ndani ya ala yake na kufanya kazi hivyo hivyo. Ile Nagra III ya 1958 ilikula betri kubwa za tochi 12. Wewe una rekoda kama Zoom F6 yenye matundu sita ya maiki, na uzito wake haufiki hata kilo moja. Huna kisingizio.

Ukitaka kuelewa hesabu ya begi, mtazame muuza kahawa pale karibu na Fort Jesus. Mkono mmoja dele lenye makaa chini yake, mkono mwingine vikombe anavyovigonga kutangaza biashara. Hakuna anachokitafuta. Hainami, haweki kitu chini, na kahawa inamiminika huku anakuamkua. Begi lako linafaa kuwa hivyo. Ukilazimika kutoa vitu vitatu ili ufikie betri, begi hilo limeshindwa.

Sasa, kabla ya kwenda dukani, tandaza vyombo vyako vyote kitandani. Vyote, pamoja na nyaya na betri za akiba. Vipange unavyotaka vikae: rekoda katikati ikikutazama, risiva za maiki zisizo na waya pembeni antena zikiangalia juu, betri chini kwa sababu ndizo nzito. Betri kubwa aina ya NP-F970 peke yake inapita robo kilo. Pima urefu, upana na kina kwa futi ya fundi cherehani, kisha uongeze vidole viwili kila upande, maana waya ukichomekwa unahitaji nafasi ya kukunja shingo. Hapo ndipo mabegi mengi ya kamera ya mtumba huanguka. Rekoda inaingia vizuri, lakini ukichomeka maiki kifuniko hakifungi.

Simu usiiweke ndani na risiva. Inaingilia mawimbi, utasikia mivumo ukadhani maiki imekufa. Simu ikae mfukoni.

Halafu kuna Mji wa Kale wenyewe. Ukitoka Ndia Kuu ukaingia vichochoro vya ndani, mahali pengine ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Pikipiki inakuja, mkokoteni wa maji unakuja, na wewe una begi mgongoni kama kobe. Chukua jembamba, linalokaa mbele au ubavuni. Mbele kuna faida nyingine, kwamba hakuna mtu wa kukufungulia zipu kwenye msukumano wa feri ya Likoni. Na rangi isiyopiga kelele, tafadhali. Begi lenye nembo kubwa ya kampuni ya kamera ni kama bango linalosema “hapa kuna doo”.

Mkanda mmoja wa begani? Ukirekodi nusu saa sawa. Kwa harusi ya kuanzia magharibi hadi usiku wa manane utaamka shingo imekakamaa. Tafuta mikanda miwili mipana inayopishana mgongoni, uzito ugawanyike. Dada zangu wa buibui, mikanda hiyo inavaliwa juu, si chini. Nilijaribu chini, nikaonekana nimemficha mtoto. Kuna wakati nilihamia kikapu cha ukindu, nikijiona mjanja: hakuna atakayedhani kikapu kina rekoda. Kweli hakuna aliyedhani, ila ukindu unalia! Ule mlio wake mdogo, krii krii, maiki inausikia kuliko wewe.

Ndiyo maana nasema begi lisikilize kabla hujalilipia. Liweke karibu na sikio, litikise. Fungua zipu, funga. Sugua kitambaa kwa mkono wa nguo unayovaa kazini. Nailoni nyembamba inayong’aa, wacha. Turubai la pamba au kitambaa kizito kisichong’aa, sawa. Vile vifungo vya kunata vinavyochanika kwa kelele ndivyo vibaya kuliko vyote. Ukivifungua katikati ya khutuba ya nikahi ukumbi wote utageuka. Mwenye duka atakushangaa, mwache ashangae.

Joto letu nalo ni suala. Begi jeusi likikaa juani saa saba mchana linakuwa tanuri, na betri za lithiamu hazipendi tanuri. Mimi hulifunika kwa leso nyepesi. Unyevu ndio mjanja zaidi. Ukitoka kwenye chumba chenye kiyoyozi ukatoka nje ghafla, vyombo vinatoa jasho kama chupa ya soda baridi. Acha begi limefungwa dakika 15 au 20 vipate joto taratibu, kisha ufungue. Na vile vipakiti vidogo vya kukausha unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, usitupe. Tia vitatu vinne. Ukirekodi karibu na bahari, kama kule Mama Ngina, futa matundu ya nyaya ukifika nyumbani, kwa sababu chumvi ya upepo inakula chuma polepole.

Yale mabegi ya kitaalamu ya Orca au K-Tek ni mazuri, sitakudanganya. Lakini bei yake ukijumlisha usafirishaji na ushuru unaweza kununua maiki ya pili. Mimi nilipata begi la kamera la mtumba Kongowea, nikalipeleka kwa fundi.

“Shikamoo ami. Nataka huku juu ukate, utie plastiki ya kuonea.”

“Marahaba. Utaona nini, mwanangu?”

“Namba za sauti, ami.”

Alinitazama kidogo, akacheka, akakata. Akanitobolea matundu mawili ya waya na kuyazungushia ngozi ili yasichanike, akatia sponji chini na mkanda wa pili. Nililipa Sh1,800 na nilimsubiri siku tatu. Zipu ya pembeni alinishauri tuitoe kabisa, tutie kipepeo cha kitambaa na kifungo cha kawaida. Hilo sikuwa nimelifikiria.

Kama unasafiri kwa SGR, jua kwamba kule Miritini mabegi hupangwa chini mbwa wayanuse kabla ya kufika kwenye mashine. Begi lililojaa nyaya na antena litaulizwa maswali. Fika mapema, betri zitoe kwenye vyombo, na ujibu kwa upole. Ndani ya Fort Jesus ni hadithi nyingine, maana ngome iko chini ya Makavazi ya Kitaifa na ukitaka kufanya kazi pale unaomba ruhusa kwanza.

Kitu kimoja bado kimenishinda, nacho ni mvua. Mfuniko wa plastiki unazuia maji, lakini kila tone likiugonga linasikika kama bisi zinapasuka. Leso inanyamazisha matone, ila ikilowa inalemea na maji yanapenya. Mwezi wa Mei nilimaliza rekodi moja nimejibanza kwenye baraza ya watu wasionijua huko Kuze, begi nimelikumbatia chini ya mtandio. Wenyewe wakaniletea chai.