Ekzosti ya Pikipiki Ivuliwe Kwanza, Ndipo Izibwe

Ekzosti ya pikipiki ikitoboka, dawa ya haraka inajulikana kila kijiwe. Kopo la soda linachanwa, linazungushwa juu ya tundu na kukazwa kwa waya. Pengine pikipiki husukumwa hadi kwa fundi wa kuchomelea, naye huziba tundu bomba likiwa palepale lilipo, cheche zikiruka karibu na tangi la petroli. Kelele hupungua, mwenye pikipiki hulipa na kuondoka. Nashikilia kwamba kazi ya namna hiyo haijatengeneza kitu, kwa sababu tundu lina chanzo chake, na chanzo hicho hakionekani mpaka bomba livuliwe.

Chanzo cha kwanza ni maji, ingawa wengi hudhani ni matope ya barabarani peke yake. Petroli ikiungua hutoa hewa ya ukaa na mvuke, na lita moja ya petroli huzaa takriban lita moja ya maji. Injini na bomba vikipata moto vya kutosha, mvuke huo hutoka wote nje. Lakini pikipiki ya safari fupi fupi, inayowashwa na kuzimwa kutwa nzima, haipashi sailensa moto hadi mwisho wake. Mvuke hupoa humo ndani, hugeuka maji yenye asidi kidogo, na maji hayo hukaa chini yakila chuma kutoka ndani. Ndiyo maana rangi ya nje inaweza kung'aa huku chuma chenyewe kimebaki chembamba kama karatasi. Watengenezaji wengi hulijua hilo, na hutoboa kitundu kidogo makusudi chini ya sailensa ili maji yadondoke. Fundi asiyekifahamu akikiona hukidhania kasoro, akakiziba kwa moyo mweupe kabisa, na tangu hapo maji hayana pa kutokea.

Ufa una habari nyingine. Huwa mwembamba, tena hupenda kukaa kwenye kona ya shingo ya bomba au kando ya mahali palipochomelewa kiwandani, na chanzo chake ni mtikisiko. Iangalie bolti inayoshikilia sailensa kwenye fremu. Ikilegea, au mpira wake ukiisha, uzito wote huning'inia kwenye shingo na chuma huchoka. Ukichomelea ufa huo ukaiacha bolti ilivyo, utapasuka mwingine pembeni ya kiraka. Na ukiona masizi meusi pale bomba linapoingia kwenye silinda hedi, mara nyingi hapana cha kuchomelea: gasketi imekufa au nati zimelegea.

Wapo wanaosema tundu ni kelele tu, injini haijali. Si kweli. Moshi hutoka kwa mapigo, na kati ya pigo na pigo shinikizo ndani ya bomba hushuka kiasi cha kuvuta hewa ya nje kupitia tundu lililo karibu na injini. Dereva akiachia mafuta, petroli ambayo haikuungua hukutana na hewa hiyo kwenye bomba la moto, na hapo ndipo vile vishindo vya ghafla hutokea. Kwenye pikipiki mpya zisizo na kabureta, zenye kihisi cha oksijeni kwenye bomba, hewa hiyo hukidanganya kihisi kwamba petroli ni kidogo, na mtambo huongeza petroli isiyohitajika.

Kazi yenyewe, basi, ianze injini ikiwa imepoa. Nati za shingoni zilowekwe mafuta ya kulegeza kutu, usiku kucha ikibidi, maana stadi, yaani ule msumari wa nyuzi unaoshika nati, ikikatikia ndani ya silinda hedi ya alumini, gharama ya kuitoa yaweza kupita ya bomba. Chuma kilichooza kikatwe mpaka pafikiwe chuma kizima, kisha pasuguliwe hadi pang'ae. Kiraka kiwe chuma cheusi cha kawaida, unene ukaribiane na wa bomba. Kipande cha bati la kuezekea hakifai: zinki iliyopakwa juu yake huchemka kwenye nyuzi 907 za selsiasi, wakati chuma huhitaji takriban 1,500 kuyeyuka. Zinki hutangulia kuwa moshi, mshono hubaki na vitundu, na fundi huvuta hewa inayomletea homa jioni. Kopo la soda nalo ni alumini, inayoyeyuka kwenye nyuzi 660, joto ambalo moshi wa karibu na injini unaweza kulifikia. Gasketi ya shingoni iwe mpya kila bomba linapovuliwa, kwa kuwa ya zamani imeshabonyea. Kava la kuzuia joto nalo lirudi mahali pake. Likisahauliwa, mguu wa abiria ndio utakaolipa. (Aliyeungua apoze jeraha kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20, wala si dawa ya meno.)

Nawaelewa madereva wanaosema hawana saa ya kupoteza, kwa kuwa hesabu ya tajiri haisubiri. Lakini kiraka kinachorudi kwa fundi kila baada ya muda mfupi hula saa nyingi zaidi. Hoja nzito kidogo ni ile ya wanaoacha kelele, hata kung'oa matumbo ya sailensa, wakiamini kwamba inawaonya wenye magari. Utafiti wa Harry Hurt wa Marekani, uliotolewa mwaka 1981 baada ya kuchunguza ajali 900 za pikipiki, ulikuta kwamba zaidi ya robo tatu ya hatari zilimjia dereva kutoka mbele. Ekzosti hutazama nyuma. Kinachoelekea mbele ni honi na taa, na vyote viwili havina kelele ya mfululizo ya kumwamsha mgonjwa au mtoto kwenye nyumba za kandokando.

Kabla ya kulipa, mwombe fundi azibe mdomo mmoja wa bomba, apulize upepo wa kompresa kwa kiasi, na apake povu la sabuni kwenye mshono, kama fundi pancha afanyavyo. Kile kitundu cha maji kitatoa povu, na kiachwe. Kwingine kote pasitoke kitu. Bomba likisharudishwa, pikipiki iendeshwe mpaka bomba lipate moto, lipoe, kisha nati za shingoni zikazwe tena, kwa sababu gasketi mpya hubonyea kwa joto la kwanza.