Ndani ya Tumbo Kuna Kuvutana

Usiku mmoja waliniita niende kuombea mama mmoja mwenye mimba ya miezi nane. Nilimkuta amelala juu ya mkeka, uso umevimba, mikono pia, na alikuwa amekwisha kupata kifafa mara mbili. Wamama wa jamaa ya bwana yake walimzunguka. Hawakuwa wakitafuta njia ya kumpeleka hospitali. Walikuwa wakimwuliza: "Taja jina la yule mwanaume! Ukitaja, mtoto atatoka."

Wengi wetu tumekwisha kusikia maneno kama hayo. Mimba ikileta taabu, basi mama amezini, ao kuna mulozi ndani ya nyumba. Niliomba kwa ufupi sana, kisha tukamfunga juu ya kinga ya shemasi, tukasukuma mpaka maternite. Mama alipona. Mtoto hakupona.

Tangu usiku ule nilitaka kujua taabu hiyo inatoka wapi. Nilipata jibu katika mambo ya biolojia, na lilinishangaza. Najua wengine wanakunja uso wakisikia jina la Darwin. Ninawaomba wasome mpaka mwisho.

Tuanze na jambo la kila siku. Mama anamwachisha mtoto ziwa. Mtoto analia, anapiga miguu chini, anavuta nguo ya mama. Mama naye anaona ni wakati wa kupumzisha mwili, kwa sababu kuna wengine watakaokuja. Nani ana kosa? Mwaka 1974 mtaalamu wa Marekani, Robert Trivers, aliandika kwamba hapo kuna hesabu. Katika mwili wetu kuna jeni, ndizo zinazoongoza namna mwili unavyojengwa, na tunazirizi nusu kwa baba, nusu kwa mama. Kwa mama, watoto wote ni sawasawa: kila mmoja anabeba nusu ya jeni zake. Kwa mtoto si hivyo. Yeye anabeba jeni zake zote, lakini ndugu yake wa baba mmoja na mama mmoja anashirikiana naye nusu tu. Wakiwa wa mama mmoja lakini baba mbalimbali, ni robo. Basi mama anataka kugawa sawa, na mtoto anavuta apate zaidi kidogo. Zaidi kidogo, si yote, kwa maana mama akifa, mtoto naye anapotea.

Mwaka 1976 Richard Dawkins wa Uingereza alitoa kitabu ambamo aliziita jeni kuwa zenye ubinafsi. Nilipoona jina hilo mara ya kwanza nilifikiri mtu huyu anatetea uchoyo. Lakini jeni haina moyo wala akili, haiwezi kupenda ao kuchukia. Maana yake ni hii tu: jeni iliyofaulu kuacha nakala nyingi katika wazao ndiyo tunayoikuta leo, ile iliyoshindwa haipo tena. Ningependa angechagua neno lingine.

Mwaka 1993 David Haig, mtu wa Australia aliyefanya kazi katika chuo kikuu cha Harvard kule Marekani, aliingiza hesabu hiyo ndani ya tumbo la mama. Hapa nawaomba wababa pia wasikilize.

Kondo la nyuma, ile nyama inayotoka kisha mtoto kuzaliwa, wengi tunafikiri ni ya mama. Sivyo. Sehemu yake kubwa imejengwa na jeni za mtoto. Chembe zake zinapenya ndani ya ukuta wa tumbo la uzazi, zinafikia mishipa ya damu ya mama, na zinaharibu misuli ya mishipa ile, hata mama hawezi tena kuifunga kama anavyotaka. Ni kama mtu aliyekuja kuchota maji kwako, akang'oa robine. Sasa maji yanatiririka, na wewe mwenye nyumba huna cha kufunga.

Halafu sukari. Mama akila bukari, sukari inapanda ndani ya damu, na insulini inaishusha. Kondo linatia ndani ya damu ya mama homoni yenye kuzuia insulini isifanye kazi vizuri. Sukari inakaa muda mrefu, mtoto anavuta. Mwili wa mama nao unajibu kwa kutengeneza insulini nyingi zaidi. Karibu na kuzaa, kondo linatengeneza gramu 1 ao zaidi ya homoni hiyo kila siku, na kwa homoni hicho ni kipimo kikubwa mno. Sasa sikieni: waganga wamekwisha kuona mimba ambazo jeni za homoni hiyo zilikosekana kabisa, na watoto wakazaliwa wazima. Basi kazi yote ile ni ya nini? Haig anajibu kwamba ni watu wawili wanaovuta kamba. Wote wanatoka jasho, na kamba haitembei. Lakini insulini ya mama isipotosha, kamba inatembea, na mama anapata ugonjwa wa sukari wa mimba.

Na baba? Jeni zake pia zimo. Katika vizazi vingi vya zamani, mwanamke aliweza kuzaa na mwanaume mwingine, tuseme mjane aliyeolewa tena. Jeni za baba wa kwanza hazimo katika watoto wale wengine, ndiyo maana hazina "faida" kama mama akibakiza nguvu kwa ajili yao. Hilo lilionekana katika panya mwaka 1991. Kuna jeni inayoitwa Igf2, yenye kukuza mtoto tumboni. Ile iliyotoka kwa baba inafanya kazi, ile ya mama imenyamazishwa. Ikiharibika ile ya baba, mtoto anazaliwa na uzito wa karibu asilimia 60 tu. Jeni nyingine, Igf2r, inapunguza nguvu ya ile ya kwanza, na hiyo ni ya mama inayofanya kazi. Ikikosekana, watoto wanakuwa wakubwa kupita kiasi, na kwa kawaida wanakufa wakati wa kuzaliwa. Lakini zikikosekana zote mbili pamoja, watoto wanaweza kuishi. Ukiondoa wavutaji wa pande zote mbili, kamba haikatiki.

Kwa watu kuna mimba ambayo haina mtoto, ila malengelenge mengi kama kichala cha zabibu. Katika aina yake kamili, kromozomu zote 46 zimetoka kwa baba. Za mama zimepotea. Kondo linakua bila kipimo. Mimba hiyo lazima itolewe hospitali, na mama afuatwe kwa vipimo, kwa sababu inaweza kugeuka kansa. Na tazama jambo hili: hata pale ambapo hakuna mtoto, mama anaweza kupata tansio ya mimba. Kwa hiyo chanzo kiko katika kondo.

Mwaka 2003 watafiti wa Boston walionyesha namna moja. Kondo lisilopata damu ya kutosha linatia ndani ya damu ya mama proteini inayoitwa sFlt1, nayo inaumiza mishipa yake, tansio inapanda. Haig anasema ni mtoto mwenye njaa anayesukuma damu ije. Si waganga wote wanaokubali maelezo yake, lakini kondo wanalikubali.

Wamama, dalili ni hizi: kichwa kinauma sana, macho yanaona giza ao nyota, uso na mikono vinavimba, maumivu chini ya mbavu. Zinakuja zaidi kisha mwezi wa tano, na hatari inaweza kuendelea hata siku kadhaa nyuma ya kuzaa. Hospitali wana sindano ya sulfate ya magnesi, yenye kuzuia kifafa. Usingoje asubuhi.

Nilimweleza mambo haya bwana ya yule mama. Alinyamaza sana, kisha akauliza: "Basi, Pasta, ni mimi njo nilimpiga?" Nikamwambia hapana, wewe hukujua, na jeni zako hazijui kitu. Mimba iliyofuata, alimsukuma yeye mwenyewe juu ya kinga kila mwezi mpaka kwenye CPN. Mama mkwe alitembea nyuma, akibeba karte. Mara ya mwisho walinionyesha: tansio 11 juu ya 7.