WIVU NA IMANI KATIKA TAMTHILIA YA KUCHEKESHA: UCHAMBUZI WA PRIVATE LIVES YA NOËL COWARD

1. Utangulizi

Wivu wa mapenzi umezoeleka katika fasihi kuwa jambo la tanzia. Anapotajwa mwenye wivu, msomaji humkumbuka mara moja Othello wa Shakespeare, ambaye leso moja tu iliyopotea ilimtosha kuwa ushahidi wa kumuua mkewe asiye na hatia. Hata hivyo, wivu huo huo ni mali ya tamthilia ya kuchekesha pia, na hasa ile tamthilia ambayo kisa chake kinamhusu mume au mke wa zamani anayetokea wakati ambapo hakutarajiwa. Ni kitu gani basi kinachoufanya uchungu wa mwenye wivu uwe kicheko cha mtazamaji?

Makala haya yanakusudia kulijibu swali hilo kwa kuichambua tamthilia ya Private Lives ya Mwingereza Noël Coward (1899–1973). Hoja inayotetewa ni kwamba katika tamthilia hii mtalaka siye anayeivunja ndoa mpya. Kinachoivunja ni maswali ya mwenzi mpya, ambayo humwita mtalaka jukwaani kabla yeye mwenyewe hajafika. Kutokana na hoja hiyo itaonekana kwamba imani baina ya wapendanao haimaanishi kutokuwa na wivu. Imani ni uwezo wa kuyaacha ya kale ya mwenzio yakae yalipo, bila ya kuyafungulia kesi.

2. Maneno manne ya Kiswahili

Kabla ya kuiingia tamthilia yenyewe, yafaa kuyatazama maneno ambayo Kiswahili kinayo kwa ajili ya jambo hili, kwa kuwa yanapambanua mambo ambayo uchambuzi wa kawaida huyachanganya. Husuda ni kukitamani kilicho cha mwingine na kuchukia kwamba anacho. Wivu, katika maana yake ya mapenzi, ni kukilinda kilicho chako kwa hofu ya kunyang'anywa. Hasidi hutazama nyumba ya jirani. Mwenye wivu hutazama mlango wa nyumba yake mwenyewe.

Neno la tatu ni ngoa, ambalo halisikiki sana leo katika mazungumzo ya kila siku. Ngoa ni shauku kali ya mapenzi, na papo hapo ni wivu: mtu hutimiza ngoa yake anapokipata alichokitamani, na hulia ngoa anapoona kimekwenda kwa mwingine. Lugha haikuona haja ya kuzitenganisha hali hizo mbili. La nne ni imani. Neno hili lina maana ya kusadiki na kutumaini, lakini lina maana ya huruma pia, kwani mtu katili husemwa kuwa hana imani. Maana hizi mbili za imani, pamoja na zile mbili za ngoa, zitakuwa na kazi katika kurasa zinazofuata.

3. Tamthilia na mazingira yake

Coward aliitunga Private Lives mapema mwaka 1930 alipokuwa Shanghai, akiugua homa ya mafua. Mwezi Septemba mwaka huo huo ilifunguliwa katika jumba la Phoenix, London. Mtunzi mwenyewe aliigiza nafasi ya Elyot, Gertrude Lawrence akawa Amanda, na kijana Laurence Olivier akawa Victor.

Kisa chenyewe ni chepesi kusimulia. Elyot na Amanda walioana wakakaa pamoja miaka mitatu, kisha wakaachana. Miaka mitano baadaye Elyot amemwoa Sibyl, na Amanda ameolewa na Victor. Jozi zote mbili zinafika siku moja katika hoteli moja mjini Deauville, Ufaransa, kwa ajili ya fungate, na vyumba vyao vimepakana. Mabaraza yao yametengwa na safu tu ya miti midogo iliyopandwa vyunguni. Kabla ya usiku kwisha watalaka hao wawili wametoroka pamoja kwenda Paris, wakiwaacha wenzi wao wapya hotelini.

Jambo moja la kisheria lastahili kukumbukwa. Katika Uingereza ya wakati huo, hadi ilipopitishwa sheria ya mwaka 1937, zinaa ndiyo iliyokuwa sababu kuu ya kuvunja ndoa mahakamani, na zinaa ilipaswa kuthibitishwa. Mtazamaji wa 1930, kwa hiyo, alikuwa amezoea kuiona ndoa inayovunjika kama kesi yenye mashahidi na vielelezo. Mkaguzi wa tamthilia naye aliingiwa na wasiwasi juu ya tendo la pili, ambamo watu waliokwisha kutalikiana wanafanya mapenzi, mpaka Coward alipomsomea tamthilia hiyo yeye mwenyewe.

4. Swali kama mwaliko

Ufundi wa tendo la kwanza umo katika kurudia. Tunawaona kwanza Elyot na Sibyl barazani. Hawajakaa sana kabla Sibyl hajalitaja jina la Amanda. Anataka kujua kama alikuwa mzuri, kama alipendwa zaidi, na kama makosa yalikuwa yake. Elyot anajibu kwa kifupi, kisha kwa kuudhika. Wanapoingia ndani, wanatokea Amanda na Victor katika baraza la pili, na mazungumzo yale yale yanaanza upya: safari hii Victor ndiye anayeuliza, na anayeulizwa habari zake ni Elyot. Elyot na Amanda, kila mmoja kwa upande wake, wanatoa ahadi inayofanana, kwamba mapenzi ya sasa ni ya utulivu kuliko yale ya kwanza.

Mtazamaji hucheka mazungumzo ya pili kwa sababu ameshayasikia ya kwanza. Lakini kuna zaidi ya kicheko hapo. Mpangilio huu unaonyesha kwamba Sibyl na Victor hawaulizi kwa sababu wameona jambo. Watalaka bado hawajaonana, hapana barua, hapana uvumi, hapana hata leso. Wivu umetangulia, na sababu yake imefuata. Waswahili husema mtafuta nyingi nasaba hupata mwingi msiba, na hapa msiba unapatikana barabara: kwa kulitaja mara kwa mara jina la asiyekuwapo, wenzi wapya wanamfanya awepo. Bendi ya hoteli inapopiga wimbo ambao watalaka hao waliupenda zamani, mlango ulikwisha kufunguliwa.

Ifahamike pia kwamba maswali hayo hayana jibu linaloweza kumridhisha muulizaji. Elyot akisema Amanda alikuwa mzuri, Sibyl ataumia. Akisema hakuwa mzuri, Sibyl hatasadiki. Ndipo inapoonekana tofauti baina ya kuuliza ili kujua na kuuliza ili kuhakikishiwa. Anayeuliza ili kujua hutosheka akishajibiwa. Anayetaka kuhakikishiwa hulazimika kuuliza tena kesho.

5. Ushahidi usiothibitisha

Filamu ya Kimarekani The Awful Truth, iliyoongozwa na Leo McCarey mwaka 1937, inasaidia kulieleza jambo hili. Jerry Warriner amemdanganya mkewe Lucy kwamba alikuwa safarini Florida, na machungwa anayomletea yana chapa ya California. Hata hivyo ni yeye anayemshuku Lucy na mwalimu wake wa kuimba. Baadaye, talaka yao ikiwa inangoja kukamilika, anaingia kwa kishindo nyumbani kwa mwalimu huyo akitaraji kuwafumania, na anamkuta Lucy akiimba mbele ya wageni walioketi kwa adabu. Jerry anaketi kitini na kuanguka nacho.

Katika tanzia, kielelezo cha uongo husadikiwa na mtu hufa. Katika tamthilia ya kuchekesha, kielelezo humgeukia mtafutaji: machungwa yanamshuhudia Jerry mwenyewe, na fumanizi lake linakuwa aibu yake. Kicheko basi hakitokani na kwamba wivu ni jambo dogo. Kinatokana na kwamba mahakama ambayo mwenye wivu ameiunda kichwani mwake inamhukumu yeye.

6. Ngoa bila imani

Ingekuwa rahisi kuhitimisha kwamba Elyot na Amanda ndio wenye mapenzi ya kweli, na kwamba Sibyl na Victor ni vizuizi. Tendo la pili linakataa hitimisho hilo. Wakiwa peke yao Paris katika nyumba ya Amanda, watoro hawa wanaanza kufanya yale yale waliyoyakimbia. Elyot anauliza habari za wanaume ambao Amanda alikuwa nao katika ile miaka mitano. Amanda anapomrudishia swali, Elyot anadai kwamba mambo hayo hayamfai mwanamke. Amanda naye anamjibu kwamba wasiofaliwa nayo ni wanaume. Mwisho ugomvi mkubwa unazuka juu ya Peter Burden, mtu ambaye Elyot alimwonea wivu tangu ndoa ya kwanza na ambaye haonekani jukwaani hata mara moja. Jina peke yake limetosha kwao, kama lilivyotosha kwa Sibyl.

Hapa ndipo neno ngoa linapofaa. Wivu wa Elyot na Amanda hautengani na shauku yao: wanapendana na kuoneana wivu kwa pumzi moja. Wanachokosa ni imani, na hasa katika ile maana yake ya huruma. Jitihada yao pekee ya kuipata ni mapatano ya ajabu kidogo: mmoja akiona ugomvi unaanza, atamke neno “Sollocks”, na wote wanyamaze kwa dakika mbili zinazoweza kuongezwa. Wachambuzi wanaweza kulipuuza neno hili kuwa ni mzaha tu, lakini ndilo jambo pekee katika tamthilia nzima linalokaribia imani. Ni ahadi ya kuliacha swali bila kuulizwa. Udhaifu wake ni kwamba kimya cha dakika mbili huahirisha swali bila kuliondoa, na mwishowe hakiwazuii kupigana.

7. Mpaka wa kicheko

Kupigana huko si lugha ya mafumbo. Amanda anavunja sahani ya santuri kichwani mwa Elyot, naye Elyot anampiga kofi. Na tangu tendo la kwanza tulikwisha kuambiwa kwamba mambo hayo yalitokea katika ndoa yao ya awali. Mnamo 1930 watazamaji walicheka. Mtazamaji wa leo huenda akasita, na kusita kwake ni usomaji halali. Yaonyesha kwamba umbali baina ya Elyot na Othello si mkubwa kama kicheko kinavyotaka tuamini. Mtunzi ameulinda mpaka huo kwa kuwapa wagomvi nguvu zinazokaribiana na ulimi ulio sawa kwa ukali. Uwiano huo ukivunjwa, kama unavyovunjwa katika nyumba nyingi za kweli, kicheko kinakoma.

Tendo la tatu linathibitisha kwamba ugonjwa si wa watu wawili tu. Asubuhi, mbele ya kahawa, Sibyl na Victor, waliojiona wastaarabu, wanaanza kugombana wao kwa wao mpaka Sibyl anampiga Victor kofi. Katika kelele hiyo Elyot na Amanda wanachukua masanduku yao na kutoka kimya kimya.

8. Hitimisho

Methali yetu yasema yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Private Lives haiipingi methali hiyo, ila inaonyesha ugumu wake: katika mapenzi yaliyopita huwa ndwele kila yanapochokonolewa. Sibyl na Victor wanadai imani kwa njia ya maswali, nayo maswali yanaimaliza. Elyot na Amanda wana ngoa tele, lakini kila mmoja hamwonei mwenzake imani. Coward hakuwapatanisha, aliwafungulia mlango tu wakaondoka, na mtazamaji ajuaye waliyotoka nayo Deauville hana sababu ya kudhani kwamba safari hii wameyaacha nyuma.

Kwa mwalimu wa fasihi linabaki funzo la kiuchambuzi. Aina hii ya tamthilia isipimwe kwa kuuliza ni nani mwishoni aliyempata nani. Ipimwe kwa kuuliza ni nani aliyeuliza, aliuliza nini, na kama kulikuwa na jibu ambalo lingemtosha.