Njugu za Kukaanga: Zichunguze Kabla ya Kumpa Mtoto

  Leo tutazungumza juu ya njugu karanga, hasa zile tunazonunua sokoni zikiwa zimekwisha kukaangwa au kusagwa.

Njugu ni chakula bora. Zina protini ya kujenga mwili, na karibu nusu ya njugu ni mafuta yanayompa mtoto nguvu. Kijiko cha njugu zilizosagwa huongeza lishe na utamu katika uji wa wimbi. Ndiyo maana kliniki tunawahimiza mzitumie mtoto akishatimiza miezi sita. Lakini njugu zilizoharibika zinaweza kumdhuru mtoto yule yule tunayetaka anawiri.

Njugu huharibika kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuchacha kwa mafuta yake. Zikishakaangwa, hewa, joto na mwangaza huyaharibu mafuta hayo polepole. Zilizosagwa huharibika upesi kuliko nzima, kwa sababu hewa hufikia kila chembe. Njugu za namna hii hunuka kama mafuta ya kupikia yaliyokaa sana, na ukizila hukwaruza koo. Hapo pua na ulimi vitakuonya.

Njia ya pili ni hatari zaidi, nayo ni kuvu. Njugu huzaa chini ya udongo, na kuvu huishi katika udongo huo huo. Mimea ikipigwa na kiangazi shambani, au njugu zikiwekwa kwenye gunia kabla hazijakauka vizuri, kuvu humea. Aina fulani ya kuvu hutoa sumu inayoitwa aflatoksini, ambayo wengine huiita sumukuvu. Sumu yenyewe huwezi kuiona, kuinusa wala kuionja.

Mama mwingine atasema, "Lakini hizi zimepita motoni." Ni kweli kwamba moto huua kuvu. Sumu ambayo kuvu imekwisha kuiacha ndani ya njugu ni jambo jingine. Sumu hiyo hustahimili joto la jikoni. Kukaanga huipunguza kiasi tu, hakuimalizi. Tena, kukaanga huficha dalili. Madoa ya kuvu hupotea katika weusi wa moto, na uvundo hufunikwa na harufu nzuri na chumvi. Zikisagwa, hata macho hayawezi kukusaidia tena.

Sumu hii ina madhara gani? Wengi wenu mnakumbuka mwaka 2004, wakati watu katika wilaya za Makueni, Kitui, Machakos na Thika walipokula mahindi yenye sumu hiyo. Watu 317 waliugua, na 125 kati yao wakafa. Hayo ndiyo madhara ya kula sumu nyingi kwa muda mfupi. Kuila kidogo kidogo kwa miaka mingi huharibu ini na kunaweza kuleta saratani ya ini. Hatari huzidi kwa mtu mwenye homa ya ini aina ya B. Kwa hivyo usikose kumpeleka mtoto kwa chanjo za wiki 6, 10 na 14, kwani zinamkinga na homa hiyo. Sumu hii pia imehusishwa na kudumaa kwa watoto.

Viwango vya Kenya haviruhusu zaidi ya mikrogramu 10 za sumu hii katika kilo moja ya njugu. Kiasi hicho ni kidogo kuliko chembe moja ya chumvi. Mwaka 2019 Shirika la Viwango, KEBS, lilisimamisha uuzaji wa aina kadhaa za siagi ya karanga kwa sababu zilipita kiwango hicho. Kwa hiyo chupa nzuri peke yake haitoshi. Tazama alama ya ubora na tarehe ya mwisho ya kutumiwa.

Sasa mama afanye nini? Kwanza, ukiweza, nunua njugu mbichi zilizokauka, ambazo bado zina ngozi yake, ukazikaange mwenyewe. Chukua chache mkononi, uzinuse na kuzitazama. Ukitikisa zilizo na maganda, zilizokauka vizuri hulia ndani.

Pili, zimwage kwenye ungo mahali penye mwanga na uzichague moja moja kabla ya kukaanga. Ondoa zilizosinyaa, zilizovunjika, zenye madoa, zilizochipuka na zenye ukungu. Sumu nyingi hukaa katika njugu hizo chache, kwa hivyo kazi hii ya mikono hupunguza hatari sana. Najua kutupa chakula ulichonunua kunauma, lakini katika mkebe mzima utapoteza konzi moja au mbili tu. Zile ulizotoa zifukie. Usimpe ng'ombe, maana sumu hupita hadi kwenye maziwa.

Tatu, ikiwa ni lazima ununue zilizokaangwa, chagua nzima badala ya zilizosagwa. Zipasue mbili au tatu utazame ndani. Ukikuta rangi ya kijani, ya kijivu au nyeusi, ziache. Ukitafuna moja iliyo chungu, iteme mara moja. Usimeze kwa kuona haya.

Nne, usinunue unga wa njugu au wa uji wa lishe usiojua ulitengenezwa na nini. Peleka njugu zako ulizochagua kwenye posho mill. Saga za wiki moja tu, uziweke kwenye chombo kikavu chenye kifuniko, mbali na jua na jiko. Usitie kijiko chenye maji.

Akina mama mnaonyonyesha, sumu hii inaweza kupita kidogo katika maziwa yenu. Msiache kunyonyesha kwa sababu hiyo. Maziwa ya mama bado ndiyo chakula bora kwa mtoto; chagueni njugu na mahindi mnayokula nyinyi wenyewe.

Pia, usimpe mtoto wa chini ya miaka mitano njugu nzima, kwani zinaweza kumkaba. Akivimba midomo, akitoka vipele au akipumua kwa shida baada ya kula njugu, mkimbize hospitalini. Vivyo hivyo mtu yeyote akipata macho ya manjano, kutapika, maumivu ya tumbo, kuvimba tumbo au miguu, au mkojo mweusi kama chai ya rangi. Beba na chakula alichokula, kwani sumu hii haina dawa ya kuiondoa mwilini.

Kumbukeni basi: moto hauondoi sumu ya kuvu. Chagua kwanza, ndipo ukaange. 

Maswali ya kujadiliana katika kikundi:
1. Njugu tunazonunua hapa kwetu huanikwa na kuwekwa wapi?
2. Kwa nini unga wa njugu ni vigumu kuukagua kuliko njugu nzima?
3. Utamweleza vipi jirani anayeamini kwamba moto umeua sumu?