Kona ya Drafti

Leteni ubao wa drafti, muuweke hapa katikati. Vizibo vya soda viacheni kwanza. Leo tunautaka ubao wenyewe. Tazameni miraba yake: mweusi, mweupe, mweusi, mweupe. Kete haikanyagi mweupe hata siku moja. Inatoka mweusi kwenda mweusi kwa njia moja tu, ile ya kwenye kona, pale miraba minne inapokutana. Na sijawahi kumsikia mchezaji akidai kwamba kete ya mwenzake imegusa mweupe wakati inapita. Shikeni hilo, maana nataka kuwasimulia watu wanne waliopita kwenye kona kama kete, wakapelekwa mahakamani, na kesi ikachukua miaka minne kumalizika.

Ubao wa kisa hiki uko Marekani, katika jimbo la Wyoming, nchi ya nyasi fupi, upepo mkali na milima yenye theluji. Kila mraba wake una upande wa maili moja, yaani kilomita 1.6 hivi, na ndani yake mna ekari 640. Katika mraba mmoja mngepanga viwanja vya mpira zaidi ya 300, na bado mbuzi wangepata pa kulisha.

Nani aliuchora? Reli ndiyo iliyouchora. Mwaka 1862 Rais Abraham Lincoln alitia saini sheria ya kujenga reli ya kuvuka bara zima. Nchi ilikuwa vitani yenyewe kwa yenyewe, hazina haikuwa na fedha za kutosha, ila serikali ilijihesabu kuwa na ardhi tele. Basi ikawalipa wajenzi kwa ardhi. Miraba ikapewa namba. Kampuni ya Union Pacific, iliyokuwa ikijenga kutoka Omaha kuelekea magharibi, ikaambiwa: kila upande wa reli, kwa umbali wa maili 10, miraba yenye namba witiri ni yenu, yenye namba shufwa inabaki ya serikali. Miaka miwili baadaye maili 10 zikawa 20. Hesabu yao ilikuwa nzuri: reli ikifika, ardhi yote itapanda bei, na serikali itauza shufwa zake kwa faida. Mwaka 1869, tarehe 10 Mei, reli hiyo ilikutana na ile iliyotoka Sacramento, mahali paitwapo Promontory Summit, Utah, na ubao ukabaki umechorwa.

Nimesema serikali ilijihesabu kuwa na ardhi, na neno hilo nimelichagua. Waarapaho, Wacheyenne na Washoshone walikuwa wakiwinda kwenye nyanda zile vizazi kwa vizazi kabla mtu hajaweka kigingi hata kimoja. Ardhi waliipoteza kwa mikataba iliyovunjwa na kwa bunduki. Hakuna aliyewauliza kama wanataka nchi yao ikatwe miraba. Kila nitakapotaja mwenye ardhi katika kisa hiki, kumbukeni kwamba nao walikuwapo.

Kampuni ya reli iliuza witiri zake, wafugaji wakanunua. Shufwa nyingi hazikupata mnunuzi, kwa kuwa zilikuwa kavu, za baridi, mbali na mito. Zikabaki mali ya umma mpaka leo. Raia yeyote ana haki ya kutembea humo, kupiga hema, na kuwinda akiwa na kibali. Sasa rudini kwenye ubao. Tuseme witiri ni miraba myeupe na shufwa ni myeusi. Tajiri akinunua miraba yote myeupe, je, amenunua na myeusi? Kwa hati, hapana. Lakini mtu atauingia vipi mraba mweusi, ikiwa kila upande umezungukwa na myeupe?

Wafugaji wakubwa waliliona hilo mapema. Seng'enge ilipoanza kuuzwa kwa bei nafuu, waliitandaza maili kwa maili, wakafungia humo ardhi ya umma na kulisha ng'ombe wao bila kulipa. Bunge la Marekani likatunga sheria mwaka 1885: ni marufuku kuizungushia uzio ardhi ya umma au kuwazuia watu kuiingia. Huko Colorado kuna waliojaribu kuikwepa sheria hiyo. Walijenga uzio wao wote ndani ya miraba yao wenyewe, hatua chache tu kutoka mpakani, kisha wakasema, huu uko kwetu, nani atatugusa? Uzio huo ulikuwa umefungia ekari zipatazo 20,000 za umma. Mwaka 1897 Mahakama ya Juu iliamua kwamba kujenga uzio kwenye ardhi yako hakukupi ruhusa ya kufungia cha wote. Wakatakiwa waushushe.

Sasa tufike mlimani. Mlima unaitwa Elk Mountain, na elki ni mnyama anayefanana na paa, mwenye umbo kubwa kama la pundamilia. Dume lake lina pembe zenye matawi kama mti uliopukutika, nazo huanguka kila mwaka na kuota upya. Mlima huu umekaa ndani ya ule ubao, na miraba ya mtu binafsi ni ya ranchi moja kubwa. Mwaka 2020 wawindaji kutoka jimbo la Missouri walisafiri zaidi ya kilomita 1,000, wakatembea ndani ya ardhi ya umma wakitazama ramani kwenye simu, mpaka wakafika kwenye kona. Ardhini palikuwa na bikoni ya wapimaji, kifuniko cha shaba kinachoonyesha hasa miraba minne inapokutana. Juu yake palikuwa na nguzo mbili za chuma, moja kila upande wa ranchi, zimefungwa mnyororo na kibao cha kukataza kupita. Kando ya nguzo hizo hapakuwa na uzio wowote, si kulia wala kushoto. Ni mnyororo tu, pale pale ambapo kete ingepita.

Walishika nguzo, wakajizungusha, wakatua upande wa pili. Mwaka uliofuata walirudi, safari hii wakiwa wanne, na ngazi ya chuma waliyoiunda wenyewe, yenye umbo la herufi A. Waliisimamisha mguu mmoja kwenye ardhi ya umma upande huu, mguu wa pili kwenye ardhi ya umma upande ule. Wakapanda, wakashuka. Hawakukanyaga shamba la mtu. Mimi napenda sana picha ya ngazi ile. Watu wengi wenye haki yao huidai kwa hasira. Hawa walikaa wakafikiri jinsi ya kupita bila kugusa cha mwenzao.

Hata hivyo watu wa ranchi walipiga simu, askari wakaja, na wawindaji wakaandikiwa shtaka la kuingia kwa jinai. Aprili 2022, katika mji mdogo wa Rawlins, raia sita waliokaa kuamua kesi walisema hawana hatia. Mngedhani yameisha. Lakini kesi ya jinai ni moja na kesi ya madai ni nyingine. Ya jinai serikali inakushtaki upewe adhabu. Ya madai mtu anakudai umlipe. Mwenye ranchi alikuwa ameshafungua ya madai, akitaka zaidi ya dola milioni 7, kwa hoja kwamba watu wakiruhusiwa kuvuka kona, thamani ya ranchi itashuka.

Hoja yake kubwa ilikuwa hewa. Msicheke. Alidai kwamba mtu akivuka kona, mguu wake unaweza kukwepa shamba, lakini bega lake lazima lipite juu ya shamba hilo kwa nukta moja au mbili, na mwenye ardhi ana haki juu ya anga la ardhi yake. Sheria hiyo ni ya zamani na ina maana. Jirani akiezeka paa likachomoza mpaka juu ya ua wenu, maji ya mvua yakawa yanamwagika mlangoni kwenu, hamtanyamaza kwa sababu nguzo zake hazijakanyaga kwenu.

Basi majaji walisemaje? Mwaka 2023 jaji wa mahakama ya shirikisho huko Wyoming aliwapa ushindi wawindaji. Machi 2025 majaji watatu wa rufaa walikubaliana naye, na hukumu yao iliandikwa na Jaji Timothy Tymkovich. Hawakulidharau suala la hewa. Walikiri kwamba kwa sheria ya Wyoming, bega kupita juu ya shamba la mtu ni kumwingilia. Lakini juu ya sheria ya jimbo kuna ile ya taifa ya mwaka 1885, nayo inakataza kuifungia ardhi ya umma kwa namna yoyote. Mwenye ranchi hakuhitaji seng'enge. Kesi zake na mnyororo wake vilifanya kazi ile ile ya uzio. Oktoba 2025 Mahakama ya Juu ilikataa kuisikiliza rufaa yake, na hukumu ikasimama.

Msiondoke hapa mkidhani sasa mtu anaweza kujipitia popote. Kuingia shamba la mtu kuwinda bila ruhusa bado ni kosa huko Wyoming. Kilichoruhusiwa ni hatua moja, kwa miguu, kutoka ardhi ya umma kwenda ardhi ya umma, bila kukanyaga wala kuharibu. Na mwenye ranchi simwoni mtu wa kuchekwa. Wageni wenye bunduki karibu na nyumba yako, geti likaachwa wazi, ng'ombe wakatoka usiku kwenye theluji: hofu hizo ni za kweli, na mfugaji yeyote wa kwetu angezielewa. Lakini elki si wake. Anakula nyasi za witiri asubuhi na za shufwa jioni, na kibali cha kumwinda hutolewa na jimbo kwa niaba ya watu wote. Hata fundi wa bomba mwenye likizo ya wiki moja ana sehemu yake kwa mnyama yule, kama alivyo nayo tajiri.

Wachora ramani wamehesabu ardhi ya umma iliyofungiwa kwenye kona namna hii katika majimbo ya magharibi, wakapata ekari zipatazo milioni 8.3, eneo kubwa kuliko Rwanda. Hukumu ya 2025 inayabana majimbo sita tu yaliyo chini ya mahakama ile ya rufaa, na Wyoming ni mojawapo. Jirani yake wa kaskazini, Montana, yuko chini ya mahakama nyingine. Huko mwindaji akifika kwenye bikoni ya shaba, na elki wanaonekana ng'ambo, bado hupima moyoni kama avuke au akunje ngazi arudi zake.