Machozi ya Ibn Battuta mjini Tunis

Tarehe 2 Rajab mwaka 725 Hijria, sawa na Juni 1325 Miladia, kijana wa miaka 21 aliwaaga wazazi wake katika mji wa Tanja, Morocco, akashika njia ya kwenda Makka kuhiji. Hakuwa na mwenzi wa kuongozana naye wala msafara wa kujiunga nao. Kijana huyo ndiye Ibn Battuta.

Ndugu msomaji, wengi tunamjua mtu huyu kwa ukubwa wa safari zake, zilizochukua takriban miaka 30 na kumfikisha hadi China. Lakini kwa mzazi ambaye mwanawe amekwishapata pasi ya kusafiria, na kwa kijana mwenyewe, naona yenye faida zaidi ni ile miezi mitano ya mwanzo, wakati hajawa mtu mashuhuri.

Kwanza tuliweke sawa jambo la sheria. Mtume (S.A.W.) alitahadharisha juu ya msafiri kwenda peke yake usiku, na wanachuoni wameieleza tahadhari hiyo kwa hatari za njiani. Ibn Battuta naye, alipofika Tlemcen na kusikia habari za wajumbe wawili wa mfalme wa Tunis, alimtaka Mwenyezi Mungu shauri, kisha akawafuata njiani. Upweke ninaouzungumzia ni mwingine: wa mtu aliye kati ya watu, na asiwepo hata mmoja amjuaye.

Alipofika Bijaya, katika Algeria ya leo, homa ilimshika. Akashauriwa abaki mpaka apone, akakataa. Akasema ikiwa ameandikiwa kufa, basi na afe njiani uso wake ukielekea Hijazi. Aliuza mnyama wake na mizigo mizito, akaazima mnyama mwingine, na udhaifu ulipozidi alijifunga kwenye tandiko kwa kitambaa cha kilemba asije akaanguka.

Hatimaye msafara ukaingia Tunis. Wenyeji walitoka kuwalaki jamaa zao, huku wakisalimiana na kuulizana hali. Yeye hakusalimiwa na mtu. Machozi yakamtoka. Haji mmoja aliyekuwamo msafarani akaliona hilo, akamsogelea, akamsalimia na kumliwaza, wala hakumwacha mpaka walipoingia mjini. Kisa hiki alikisimulia mwenyewe kwenye kitabu chake kilichokamilika mwaka 1355, miaka 30 baadaye. Alikuwa bado hajaisahau salamu ile.

Novemba ya mwaka uleule, msafara wa mahujaji ulipoondoka Tunis, aliyeteuliwa kuwa kadhi wake ni kijana huyohuyo. Kwao Tanja alikuwa mtoto wa ukoo wa makadhi. Ugenini ukoo haukumsaidia kitu siku ile ya machozi. Nadhani hapo ndipo alipojua kiasi cha elimu aliyokuwa nayo yeye mwenyewe.

Mwaka 1331 alifika pwani yetu ya Afrika Mashariki. Mogadishu aliwakuta vijana wakiziendea jahazi kwa mashua, kila mmoja na sahani ya chakula iliyofunikwa, wakigombea wageni. Alipojulikana kuwa ni mwanachuoni, kadhi wa mji alikuja kumpokea pamoja na wanafunzi wake. Mombasa alilala usiku mmoja tu, na Kilwa akamsifu Sultani Hasan kwa ukarimu. Sishangai kwamba aliyewahi kukosa salamu aliyaandika mambo haya kwa utuo.

Qur'ani Tukufu, Surat at-Tawba aya ya 60, inamtaja msafiri aliyekwama njiani miongoni mwa makundi manane yanayostahiki zaka. Nasi tukigawa zaka humkumbuka maskini wa mtaani, wala hatumfikirii mgeni aliyeswali Ijumaa safu ya nyuma akaondoka bila kuulizwa atokako.

Lakini safari ile ilikuwa na gharama yake, na wala Ibn Battuta hakuificha. Zama zake hapakuwa na simu ya kumwezesha mtoto kuisikia sauti ya wazazi kila jioni. Mwaka 1348, akiwa Damascus, ndipo alipopata habari kwamba baba yake alikwishafariki, tena miaka 15 nyuma. Mwaka uliofuata, akikaribia nyumbani, akaambiwa kwamba mama yake naye amefariki kwa tauni. Akaenda Tanja kulizuru kaburi lake.