Picha Tatu za Chumba Kimoja

Aingiaye nyumba ya mawe ya kale mjini Lamu akitoka juani husimama kidogo mpaka macho yazoee. Kiwanda kimejaa mwanga wa adhuhuri, ilhali chumba cha ndani, chenye vidaka vya chokaa vilivyonakshiwa, kimetulia gizani. Punde si punde jicho huviona vyote viwili, kwani mboni hutanuka na kusinyaa kwa kadiri ya mwanga. Kamera haikujaliwa hivyo. Ikipima mwanga wa kiwandani, vidaka huwa weusi mtupu. Ikipima giza la vidaka, kiwanda huwa weupe usio na kitu ndani yake.

Kwa familia zetu upungufu huu si jambo dogo. Mji wa Kale wa Lamu umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2001. Hata hivyo chokaa haiachi kubanduka wala boriti haziachi kuoza. Picha iliyopigwa kabla ya fundi kushika nyundo huenda ikawa ndiyo pekee itakayobaki kwa wajukuu. Basi yatupasa tujue namna ya kuipiga ili ionyeshe chumba kizima.

Wazo la kuunganisha picha kadhaa ni la zamani. Katika miaka ya 1850, Mfaransa Gustave Le Gray alitaka kuonyesha bahari na mawingu kwa pamoja, na vioo vya kupigia picha vya zama zake havikuweza. Katika baadhi ya kazi zake alipiga anga kwa kioo kimoja na bahari kwa kingine, kisha akaviunganisha katika karatasi moja. Mwaka 1997, Paul Debevec na Jitendra Malik wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walichapisha njia ya hesabu ya kuifanya kazi hiyo kwa kompyuta.

Upigaji wenyewe ni mwepesi. Kamera huwekwa juu ya stendi ya miguu mitatu isitikisike. Hupigwa picha tatu za pembe ile ile: ya kwanza, tuseme, kwa muda wa 1/60 ya sekunde, ya pili 1/15, na ya tatu 1/4. Kila moja hupokea mwanga takriban mara 4 ya iliyotangulia. Kinachobadilishwa ni muda peke yake. Tundu la lenzi huachwa kama lilivyo, maana likibadilika, kilicho wazi katika picha moja kitakuwa na ukungu katika nyingine.

Hapo ndipo programu inapoingia. Kwanza huzilaza picha moja juu ya nyingine mpaka zilingane. Kisha hukaa mithili ya kadhi mbele ya mashahidi watatu: kila shahidi husikilizwa katika lile aliloliona vyema. Nukta iliyoungua kwa mwanga, au iliyozama gizani, hupewa uzito mdogo au hukataliwa; iliyo wazi hukubaliwa. Hupatikana rekodi yenye mapana ya mwanga ambayo kioo cha kawaida cha kompyuta hakiwezi kuyabeba, wala karatasi. Kwa hiyo programu huyabana, ikiinua vivuli na kushusha mwanga mkali.

Luminance HDR hufuata njia hiyo. Enfuse, itumiwayo pamoja na Hugin, hufupisha safari: huchagua sehemu bora za kila picha na kuzichanganya moja kwa moja. Zote hizo hupatikana bila malipo. Simu nyingi za leo nazo hufanya kazi ya namna hiyo zenyewe. Ndiyo maana ya herufi HDR zinazoonekana katika baadhi ya kamera za simu.

Katika kule kubana ndiko amana hujaribiwa. Mkono ukizidi, ukuta hupata rangi za halua, mawingu huwa kama moshi wa makaa, na pambizoni mwa dirisha huzuka utando wa mwanga ambao haukuwapo. Ufa mwembamba huweza kuonekana kama bonde, fundi akatia hofu nyumba bure. Na anayetangaza nyumba ya kupangisha, akakipa chumba chenye kidirisha kimoja sura ya ukumbi wa mwanga, amemdanganya mpangaji, hata kama hakutamka neno.

Jambo jingine ni sitara. Programu hii hufunua kilichokuwa kivulini. Mama aliyeketi pembeni akijua giza limemsitiri huenda akaonekana uso na nywele. Na apitaye baina ya picha ya kwanza na ya tatu huacha kivuli cha ajabu, kana kwamba mtu amegawanyika. Basi chumba na kitolewe watu kwanza, wenye nyumba waombwe ruhusa, na picha itazamwe kwa makini kabla haijatumwa kwa yeyote.

Twawausia vijana wenye kamera na mama wenye simu: zihifadhini picha tatu za asili pamoja na ile iliyounganishwa, na andikeni tarehe na jina la chumba. Hukumu huweza kurejewa siku nyingine kwa programu iliyo bora zaidi, maadamu mashahidi wangalipo. Wakifutwa, hakuna wa kuulizwa tena.